Darasa la awali likifungwa, mtoto abaki na nani?

*Nyakunguru na vijiji jirani vya Tarime na Serengeti vimefanikiwa kuwapeleka shule watoto wa miaka mitano. Saa zinazobaki kati ya kengele yao na kurudi kwa mzazi bado hazina mwenyewe.*

Kabla ya adhuhuri darasa la awali limekwisha. Watoto wa miaka mitano wanatoka, mabegi yakiwagonga magotini, vikombe vya plastiki vya uji vikining'inia kwenye mikanda. Wenye kwao karibu wanakimbia moja kwa moja nyumbani. Wengine wanajikusanya chini ya mti, na wawili watatu wanachungulia dirisha la darasa la tatu alimo dada au kaka, ambaye hatatoka mpaka alasiri.

Mama yuko shamba la mbali anapalilia mihogo, au yuko gulioni, au anafua nguo za watu katika mji mdogo wa Nyamongo. Baba ametoka tangu alfajiri. Nyumbani mlango umefungwa.

Hali hii ni ya kawaida kwa watoto wanaoanza shule Nyakunguru, katika Kata ya Kibasuka wilayani Tarime, na katika vijiji vingi vya pande zote mbili za Mto Mara mpaka upande wa Serengeti. Mtoto anaweza kutembea peke yake hadi nyumbani, kumsubiri mkubwa wake kwa saa kadhaa akiwa na njaa, kumfuata mama shambani, au kuingia kwa jirani yeyote atakayemkuta. Kila njia kati ya hizo ina hatari yake, na hakuna hata moja iliyopangwa na mtu.

Mijini pengo hilo huzibwa na msichana wa kazi, tuisheni ya mchana au kituo cha kulipia. Kijijini linaachwa liendelee, na mtoto ndiye anayelibeba.

Madarasa yalijaa, saa zikabaki zilezile

Tangu Januari 2016, elimu kuanzia awali hadi kidato cha nne katika shule za Serikali ilipoanza kutolewa bila ada, wazazi waliitikia kwa wingi. Nchini kote, watoto wa awali waliongezeka kutoka takriban milioni moja mwaka 2015 hadi zaidi ya milioni moja na nusu mwaka uliofuata. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, inaweka mwaka mmoja wa awali kabla ya miaka sita ya msingi. Kwa hiyo mtoto anaingia awali akiwa na miaka mitano na darasa la kwanza akiwa na sita.

Hayo ni mafanikio, na Mkoa wa Mara umeshiriki. Mkoa huu ulikuwa miongoni mwa mikoa ya mpango wa elimu wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza kuanzia mwaka 2014. Mpango huo ulileta pia masomo ya utayari wa kuanza shule, yaliyoendeshwa kwa hadithi na michezo na wasaidizi waliotoka kijijini humohumo.

Ila kila jitihada ililenga saa za darasani. Uwiano unaotakiwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, na shule nyingi za vijijini ziko mbali na uwiano huo. Mwalimu aliyekwishahangaika na darasa lililofurika hana nguvu wala amri ya kubaki na watoto baada ya kengele.

> Kila jitihada ililenga saa za darasani. Saa za baada ya kengele hazikupangiwa mtu.

Zamani alikuwapo mlezi

Wazee wa Kikuria watakwambia kwamba zamani swali hili halikuwapo, na wanasema kweli. Katika mji wa Mkuria mtoto hakukosa mtu wa kubaki naye. Walikuwapo bibi, wake wenza, shangazi, na zaidi ya wote dada wa miaka saba au minane aliyekabidhiwa mdogo wake rasmi.

Malezi ya aina hiyo yameandikwa. Kati ya mwaka 1955 na 1957 watafiti wa Kimarekani Robert na Barbara LeVine waliishi Nyansongo, kwa Wakisii wa Kenya, majirani wa Wakuria ambao lugha zao ni za ukoo mmoja. Waliwakuta wasichana wadogo walioitwa omoreri, kazi yao ikiwa kumbeba, kumlisha na kumbembeleza mtoto mchanga mama anapokuwa shambani. Ilikuwa kazi yenye heshima na inayosimamiwa na wakubwa.

Omoreri wa leo yuko darasa la tatu, na hapo ndipo mahali pake. Hakuna anayetaka atolewe shuleni arudi kulea. Lakini tulipomwandikisha shule hatukuweka mtu katika nafasi aliyoiacha. Bibi amebaki peke yake, mara nyingi na wajukuu wengi kuliko mikono yake, na nyumba nyingine hazina bibi kabisa.

Kilio cha wiki ya kwanza

Januari, shule zinapofunguliwa, mlango wa darasa la awali una vilio vingi. Baadhi ya wazazi hukumbuka methali ya mchelea mwana kulia, hukaza moyo na kuondoka kimyakimya mtoto anapogeuka. Wanaamini kwamba asipomwona mama atanyamaza haraka.

Elimu ya malezi inasema kinyume, na sehemu ya elimu hiyo ilianzia kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1954 Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyelelewa Kanada, alifika Kampala na kuanza kutembelea familia 26 katika vijiji vya Buganda, akiangalia watoto wachanga na mama zao. Kitabu alichokitoa mwaka 1967 kilieleza kwamba mtoto huthubutu kutambaa mbali na kuuchunguza ulimwengu pale anapojua mtu wake yupo na atamrudia. Uhakika wa kurudiwa ndio unaompa ujasiri.

Mama akitoroka, mtoto anajifunza kwamba mtu anaweza kutoweka wakati wowote. Kesho yake hatageuka tena; atashika gauni. Mama akiaga waziwazi, akasema atakuja nani na atakuja saa ngapi, kisha ikawa hivyo, mtoto atalia leo na kesho, na siku chache baadaye atatulia.

Sasa tumtazame mtoto wa Nyakunguru. Asubuhi anaachana na mama na kukabidhiwa kwa mwalimu, mtu mgeni anayesema Kiswahili, lugha ambayo nyumbani kwao huenda aisikie redioni tu. Akianza kumzoea, kengele inalia na mwalimu naye anamwachia, na safari hii hakuna wa kumpokea. Siku moja ina maachano mawili, na la pili halina mkono wa kumshika. Kwa mtoto wa aina hiyo kulia ni haki.

Tundu la choo

Kuna jambo jingine dogo ambalo wakubwa hulipita bila kuliona. Choo cha shimo cha shule kimejengwa kwa kipimo cha wanafunzi wakubwa. Tundu lake ni pana kwa miguu ya mtoto wa miaka mitano, ndani kuna giza, na ukiinama unasikia nzi chini.

Mtoto aliyezoea kujisaidia nyuma ya nyumba akisimamiwa na dada anafika mlangoni, anachungulia, anarudi. Anabana. Saa zikienda anashindwa, kaptula inalowa, wenzake wanamcheka. Asubuhi ya pili anang'ang'ania mguu wa kitanda. Mzazi anasema ni mkaidi, shule inaandika mtoro, na hakuna aliyemuuliza kuhusu choo.

Hapo wanahitajika watu wazima wa aina mbili: fundi wa kuweka tundu dogo na mlango unaopitisha mwanga, na mtu wa kumsindikiza mtoto na kumsubiri nje. Fundi hufanya kazi yake mara moja. Mtu wa kusindikiza anahitajika kila siku.

> Shule inaandika mtoro, na hakuna aliyemuuliza kuhusu choo.

Hatari za njiani

Saa zisizo na mlezi si suala la machozi peke yake. Eneo hili liko jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara, uliofunguliwa mwaka 2002, na pembezoni mwake wako wachimbaji wadogo wa miaka mingi. Yapo mashimo yaliyoachwa wazi, yapo madimbwi ya maji, na barabara zina malori na bodaboda zisizopunguza mwendo. Mto Mara na vijito vyake havina uzio. Katika vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Serengeti tembo huingia mashambani.

Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya kuzuia watoto kufa maji, linataja mahali salama penye mlezi kwa watoto wadogo kuwa miongoni mwa hatua za kwanza, sambamba na kuzungushia maji uzio. Mtoto mdogo hufa maji kimya na kwa dakika chache, hasa saa ambazo wakubwa wako kazini. Kwetu hizo ndizo saa za baada ya kengele ya awali.

Ipo hatari nyingine inayochelewa kuonekana. Mtoto anayezurura mchana kutwa hufuata wakubwa wanaozurura. Katika eneo la mgodi, njia hiyo huishia kwenye kifusi cha mawe ya mgodi.

Mzazi, mwalimu na halmashauri

Mzazi anauliza kwa nini shule isimshikilie mtoto mpaka mkubwa wake atoke, kwa kuwa jengo lipo na walimu wapo. Ni swali la haki kwa mtu ambaye kilo za mihogo atakazovuna zinategemea saa atakazokaa shambani.

Mwalimu anajibu kwamba kulinda watoto mchana si kazi aliyopangiwa, na kwamba mmoja akianguka au akapotea, yeye ndiye atakayeitwa ofisini. Wengi wao hufundisha madarasa mengine baada ya awali kumaliza. Hoja hiyo nayo ni nzito.

Ofisa ustawi wa jamii anakumbusha sheria. Chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kituo cha kulelea watoto mchana lazima kisajiliwe, kiwe na choo, maji, nafasi na watu wenye sifa. Masharti hayo yapo kwa sababu nzuri, maana kituo kibaya kinaweza kumuumiza mtoto kuliko kutokuwa na kituo.

Wako pia wazee wanaoona kwamba mtoto mdogo mahali pake ni nyumbani, na kwamba siku ndefu shuleni inamchosha. Hawajakosea. Penye bibi mwenye nguvu au shangazi anayekuwapo mchana, mtoto arudi nyumbani ale na alale. Tunazungumzia yule ambaye nyumbani kwao hakuna mtu.

Basi mzigo ni wa nani? Sheria hiyohiyo, kifungu cha 94, inasema ni wajibu wa mamlaka ya serikali za mitaa kulinda na kuendeleza ustawi wa watoto walio katika eneo lake. Mzazi ana sehemu yake na mwalimu ana yake, lakini mwenye wajibu wa kupanga ni halmashauri, kwa kushirikiana na serikali ya kijiji.

Bweni si jibu

Wenye uwezo walikuwa na njia yao: kumpeleka mtoto shule ya bweni ya mjini akiwa bado anavua viatu kwa msaada. Serikali ilifunga mlango huo. Kwa waraka wa mwaka 2023, kuanzia Machi 1 mwaka huo, bweni lilizuiwa kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, ili wakae na familia zao.

Uamuzi ulikuwa sahihi. Lakini ukisema mtoto alelewe na familia, huna budi kuisaidia familia inayofanya kazi mchana. Zuio bila msaada linamrudisha mtoto kwenye mlango uliofungwa.

Mombasa na Nairobi walivyofanya

Afrika Mashariki haianzi kutafuta njia leo. Katikati ya miaka ya 1980, mjini Mombasa, ulianzishwa mpango wa shule za awali za madrasa kwa msaada wa Aga Khan Foundation, Bi Swafiya Said akiwa miongoni mwa waanzilishi wake. Jamii ilitoa chumba, ikachagua kamati, ikateua wanawake wa mtaani wakafunzwa na kufuatiliwa na wakufunzi. Vifaa vya kuchezea vilikuwa mbegu, vifuu na makopo. Mpango ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Msingi wake ulikuwa mwanamke anayejulikana na watoto kabla hajaitwa mwalimu.

Nairobi, katika mtaa wa Korogocho, watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill na kituo cha utafiti cha APHRC waliwapa baadhi ya akina mama vocha za kulipia vituo vya watoto. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba waliopewa vocha walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na kazi, kwa tofauti ya pointi 8.5 za asilimia dhidi ya wasiopewa. Fedha iliyolipia malezi ilimfungulia mama pia njia ya kazi.

Fedha iende kwa mtu kwanza

Tanzania ina mpango wake. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto ilizinduliwa Dodoma Desemba 2021, ikimlenga mtoto tangu mimba hadi miaka minane. Inataja nguzo tano: afya bora, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Mtoto anayesubiri chini ya mti anakosa tatu kati ya hizo kwa mpigo.

Vijiji vinavyouzunguka mgodi vina chanzo ambacho vingi vingine havina. Tangu Sheria ya Madini iliporekebishwa mwaka 2017, kampuni ya uchimbaji inatakiwa kila mwaka kukubaliana na halmashauri juu ya mpango wa kurudisha kwa jamii. Fedha hizo zimezoeleka kuonekana kwa umbo la majengo. Jengo lina faida, na linaonekana siku ya kuzinduliwa. Lakini jengo haliwezi kumwita mtoto kwa jina lake wala kumshika mkono kwenda chooni.

Nchi imeshakubali kwamba mtu wa kijijini anayehudumia jamii anastahili kulipwa. Januari 31, 2024 ulizinduliwa mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye lengo la kuwafikia 137,294 nchi nzima. Mlezi wa watoto baada ya kengele anaweza kuingia katika fikra hiyohiyo: achaguliwe na kijiji, afunzwe na idara za elimu, afya na ustawi wa jamii, alipwe posho na halmashauri.

Mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo sehemu yake ni ya wanawake, inaweza kusaidia kikundi kuanza. Ila mkopo hurejeshwa, na wazazi wa kipato kidogo hawawezi kulipa ada ya kuurejesha. Kwa hiyo posho ya mlezi iwe kwenye bajeti, na mkopo ubaki kwa mitaji.

> Jengo haliwezi kumwita mtoto kwa jina lake wala kumshika mkono kwenda chooni.

Namna ya kumzoesha

Kijiji kinachotaka kuanza Januari ijayo kinaweza kuanza na kivuli cha shule, maji, jamvi na wanawake wawili wanaoaminika, wakati usajili wa mahali pa kudumu ukishughulikiwa na ofisi ya ustawi wa jamii. Hatua hizi ni rahisi:

Kabla shule haijafunguliwa, mtoto apelekwe na mama mahali hapo zaidi ya mara moja. Amwone mlezi akizungumza na mama yake. Aonyeshwe choo na mahali pa kunywa maji.

Siku za mwanzo mzazi, bibi au mkubwa wake akae naye kidogo, kisha muda upunguzwe siku hadi siku. Akiondoka aage. Asitoroke.

Mlezi ampokee mtoto mlangoni mwa darasa kengele inapolia. Mwalimu na mlezi wakabidhiane kwa majina, na anayekuja kumchukua mtoto ajulikane. Mtu asiyejulikana asipewe mtoto, hata akiwa jamaa.

Mlezi amsemeshe mtoto Kikuria bila hofu. Kiswahili atakipata darasani. Baada ya kengele anahitaji lugha anayoweza kusemea kwamba ana kiu, anaumwa au anaogopa.

Uwepo uji wa wimbi au wa mahindi kutoka kwa wazazi wenyewe, kwa makubaliano ya hiari kupitia kamati ya shule, na pawepo mahali pa kulala. Mtoto wa miaka mitano aliyeamka alfajiri na kutembea hadi shule anahitaji usingizi wa mchana kuliko somo jingine. Saa hizo zisigeuzwe tuisheni.

Mtoto akiendelea kulia, kujikojolea au kukataa chakula baada ya wiki kadhaa, asichapwe. Mlezi amwone mzazi na mwalimu pamoja, waulizane kinachomtisha.

Wito

Wajumbe wa serikali ya kijiji cha Nyakunguru, madiwani wa Tarime na Serengeti, na maofisa wanaokaa na kampuni ya mgodi kupanga miradi, mna jambo moja la kuweka kwenye ajenda ya kikao kijacho: kila shule yenye darasa la awali iwe na walezi wawili wanaolipwa, kuanzia kengele ya awali hadi alasiri. Ukuta unaweza kusubiri mwaka mwingine wa bajeti.

Mzazi usisubiri kikao hicho. Kabla mwanao hajaanza shule, mtafute mtu atakayempokea, mtambulishe kwake, na umwambie mtoto waziwazi nani atakuja kumchukua. Kisha hakikisha mtu huyo anafika.